Nani Anakusomea DM Zako? Historia ya Mapenzi ya Wasioona, Kuanzia Barua za Siri Hadi Simu Janja

Wadau, leo tuweke kando kidogo stori za nani kaachana na nani. Kabla hatujaanza nataka ufanye jaribio dogo. Fungua inbox yako sasa hivi. Itafute ile meseji ya mtu wako, ile ya saa saba usiku ambayo ukiisoma unacheka peke yako. Umeipata? Sasa mpe mama yako simu, mwambie akusomee kwa sauti. Yote, na emoji zake. Akimaliza, mwambie akuandikie jibu.

Umeshtuka, si ndiyo? Basi kwa miaka mingi sana hiyo ndiyo ilikuwa hali ya kawaida ya mtu asiyeona akipenda. Wapenzi wawili, na katikati yao yupo mtu wa tatu anayesoma na kuandika: dada, mama, mwalimu, jirani, karani wa posta. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Sawa, lakini hata anayekohoa anapewa nafasi ya kugeuka pembeni. Asiyeona hakupewa. Stori ya leo ni ya jinsi yule mtu wa tatu alivyotolewa chumbani, hatua kwa hatua, na jinsi wakubwa walivyokuwa wakimrudisha kila akitoka.

Tuanzie Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Kulikuwa na mwanamke wa ukoo wa kitajiri anaitwa Carolina Fantoni da Fivizzano, hakuwa anaona. Alikuwa na rafiki yake, Pellegrino Turri. Wakitengana, mawasiliano yao yalikuwa lazima yapitie kwa mtu mwingine amwandikie. Turri akakaa chini akamtengenezea mashine ya kuandikia, unabonyeza herufi moja moja, na karatasi ya kaboni ya kutoa wino. Mashine yenyewe ilipotea, ila barua alizoandika Carolina kuanzia 1808 zimehifadhiwa Reggio Emilia. Kama walikuwa wapenzi au marafiki tu, watu wanabishana mpaka kesho, mimi sitaingia huko. Ninachoweza kusema ni kwamba mwanaume hatengenezi mashine nzima kwa ajili ya mtu anayemchukulia poa.

Lakini ona hapo. Moja kati ya mashine za kwanza kabisa za kuchapa zinazojulikana kufanya kazi kweli ilitengenezwa ili mwanamke asiyeona aandike barua bila mtu kuchungulia. Kibodi unayochatia leo ina ukoo na hiyo. Ukimuandikia mtu wako "umelala?" saa sita usiku, kumbuka Carolina kidogo.

Hatua iliyofuata unaijua: maandishi ya nukta nundu. Louis Braille aliyabuni akiwa kijana wa miaka 15 tu, mwaka 1824, pale Paris kwenye shule ya wasioona, na akayachapisha 1829. Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba shule hiyo tayari ilikuwa na vitabu vya wasioona kuvisoma kwa vidole. Vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Tatizo ni kwamba ungeweza kuvisoma polepole, ila wewe mwenyewe usiweze kuandika. Yaani ulikuwa msikilizaji tu, walimu wanaamua usome nini. Nukta nundu zilibadilisha mchezo: kibao kidogo, kalamu ya kutobolea, na umeshaandika barua. Na raha yake zaidi, mwalimu anayeona asipojifunza nukta hizo, haelewi kitu hata akiishika. Kuna mkuu wa shule hiyo miaka ya 1840 alizipiga marufuku nukta na vitabu vikachomwa. Wanafunzi wakaendelea kuandikiana kwa siri. Nasema kwa maoni yangu: ukiona mkubwa anaogopa maandishi asiyoweza kuyasoma, jua vijana wameshaanza kutumiana vibarua.

Sasa tuingie kwenye sehemu nzito kidogo, maana hii stori haikuwa ya barua tu.

Hofu kubwa ya wakati ule ilikuwa wasioona wasipendane na wasioane. Shuleni wavulana na wasichana walitenganishwa. Marekani, mkurugenzi wa kwanza wa shule maarufu ya Perkins, Boston, Samuel Gridley Howe, aliyesifika kwa kuwafundisha wasioona, huyo huyo alipinga wasioona wawili kuoana. Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa macho, naye jina lake Howe (Lucien, sio yule), akapendekeza mwaka 1921 sheria ya jimbo la New York ya kuzuia ndoa za watu ambao upofu wao au wa familia zao ulihesabiwa kuwa wa kurithi, labda waweke dhamana ya pesa kwanza. Yaani unataka kuoa, unaambiwa weka dhamana kama mtuhumiwa. Sheria hiyo haikupita. Ujerumani hawakuishia kwenye mapendekezo. Tarehe 14 Julai 1933 utawala wa Hitler ulitunga sheria ya kuwafunga watu kizazi kwa nguvu, na upofu wa kurithi ulitajwa wazi kwenye orodha. Watu wapatao 400,000 wenye hali mbalimbali walifungwa kizazi chini ya utawala ule. Kwa hiyo mtu akikuambia kuzungumzia mapenzi ya wasioona ni mada ya umbea, mwambie kuna wakati ilikuwa mada ya mahakama na kisu.

Na wala usidhani umaarufu ulisaidia. Helen Keller unamjua, asiyeona na asiyesikia, mwenye digrii ya chuo cha Radcliffe tangu 1904, vitabu vyake vinasomwa dunia nzima. Mwaka 1916, akiwa na miaka 36, alipata mchumba. Kijana anaitwa Peter Fagan, mwandishi wa habari aliyekuwa akimsaidia kazi za ukatibu. Alijifunza kuzungumza naye kwa kumwandikia herufi kwa vidole kwenye kiganja. Hebu fikiria mapenzi ya hivyo, hakuna neno linalosemwa bila mkono wa mtu kuwa ndani ya mkono wako. Wakaomba kibali cha ndoa Boston, kimyakimya. Magazeti yakainyaka. Mama mtu akamkalisha Helen kitako, Helen akakana, kijana akafukuzwa, binti wa miaka 36 akapelekwa Alabama kwa dada yake kama mwanafunzi wa sekondari aliyekamatwa na simu. Waandishi wa wasifu wake wanasimulia kwamba Fagan alimfuata huko akakutana na shemeji mwenye bunduki, na kwamba kuna usiku Helen alikaa barazani na begi lake akimsubiri. Hakuja. Kwenye kitabu alichoandika 1929 aliyazungumzia mapenzi hayo bila kumtaja kijana kwa jina. Alifariki 1968, hakuwahi kuolewa.

Angalia tena nani alikuwa mtu wa tatu hapo. Mwanamke aliyeandika vitabu kadhaa hakuweza kuficha barua moja.

Sasa tupumue kidogo, maana sehemu inayofuata naipenda. Miaka ya 1960 Marekani kulikuwa na vijana wasioona waliokaa majumbani kwao, kila mmoja mji wake, upweke umewakaba. Kitu pekee kilichokuwa sawa kwao na kwa wenzao wanaoona ilikuwa simu ya mezani. Simu haijali unaona au huoni. Ila simu za mbali zilikuwa ghali. Kijana mmoja wao, Joe Engressia, aliyezaliwa asiyeona mwaka 1949, aligundua akiwa mtoto wa miaka kama 7 kwamba akipiga mluzi kwa sauti fulani ya juu sana, laini inakata. Sauti hiyo ni ya hezi 2600. Mitambo ya kampuni ya simu ilitumia sauti hiyo hiyo kujulishana kwamba laini iko wazi. Yaani mdomo wa mtoto ulikuwa unazungumza lugha ya mtambo! Ukiijua lugha hiyo, unapiga popote bila kulipa.

Vijana wakafundishana. Halafu wakakuta kitu kitamu zaidi: laini moja huko Vancouver, Canada, iliyokuwa haina kazi, ambayo ukiipiga unamkuta kila mwingine aliyeipiga. Usiku mzima watu wanapiga stori humo, sauti tupu, hakuna sura, hakuna fimbo nyeupe, hakuna "jamani pole". Kwa lugha ya leo, hiyo ilikuwa group chat, miaka mingi kabla ya WhatsApp. Na walioikuta na kuifanya makazi walikuwemo vijana wasioona wenye miaka 16, 17, wengi wao majina yao hatuyajui kwa sababu wizi wa dakika ni wizi tu na hakuna aliyetaka kutajwa.

Oktoba 1971 jarida la Esquire likatoa makala ndefu kuwahusu. Makala hiyo ikasomwa na kijana mmoja fundi wa vifaa vya umeme anaitwa Steve Wozniak, akamwita rafiki yake Steve Jobs, wakatengeneza kifaa cha kutoa sauti zile wakakiuza. Jobs mwenyewe alikuja kusema bila kifaa kile kusingekuwa na Apple. Shika hiyo, tutairudia.

Haya, sasa kesi yenyewe. Hii ndiyo iliyonifanya niandike makala nzima.

Maktaba ya Bunge la Marekani ina huduma ya vitabu kwa wasioona, imeanzishwa kwa sheria ya 1931. Vitabu na majarida ya nukta nundu yanatumwa nyumbani kwa posta, bure. Kuanzia 1970, kati ya majarida waliyokuwa wakiyachapa kwa nukta nundu lilikuwemo Playboy.

Ndiyo, hilo hilo. Najua unacheka. Unajua ule utani wa wanaume: "mimi nalinunua kwa ajili ya makala tu"? Basi hapa duniani waliwahi kuwepo watu ambao wakisema hivyo walikuwa wanasema kweli tupu. Toleo la nukta nundu halikuwa na picha. Hakuna katuni, hakuna matangazo, hakuna yule dada wa ukurasa wa katikati. Nukta tu juu ya karatasi nene, juzuu kadhaa kwa toleo moja. Ndani mlikuwa na hadithi, mahojiano marefu na wakubwa (jarida hilo ndilo lililomhoji Jimmy Carter mwaka 1976 akakiri kwamba amewahi kuzini moyoni, ikawa msala wa kampeni), na pia safu za ushauri ambapo wasomaji wanauliza mambo ya uhusiano na chumbani, na safu ya wasomaji kujibizana kuhusu sheria na ujinsia.

Hizo safu ndizo ninazotaka uzifikirie. Wewe ukiwa na swali la aibu unagoogle, unafuta historia, maisha yanaendelea. Mwaka 1975 mtu asiyeona angeuliza wapi? Kitabu cha elimu ya jinsia kimejaa michoro. Daktari anaongea na aliyekusindikiza badala ya kuongea na wewe. Marafiki wanakuona kama malaika asiye na mwili. Halafu kila mwezi posta inaleta mzigo mzito, unakaa nao kitandani, taa imezimwa, vidole vinatembea, na kwa mara ya kwanza unasoma watu wazima wakizungumzia mambo ambayo hakuna aliyewahi kukutajia. Na nyumba nzima haina anayeweza kusoma unachosoma. Siri kamili.

Mwaka 1985 mbunge mmoja wa Republican kutoka Ohio, Chalmers Wylie, akaona hilo haliwezekani. Hoja yake: pesa ya mlipa kodi isigharamie jarida la uasherati. Njia aliyotumia ilikuwa ya kijanja. Hakupeleka sheria ya kulipiga marufuku jarida kwa jina. Alipeleka marekebisho ya bajeti ya maktaba, wakate dola 103,000. Kiasi hicho, kwa bahati nzuri sana, kilikuwa sawasawa na gharama ya mwaka mzima ya kuchapa Playboy kwa nukta nundu. Wabunge 216 wakaunga mkono, 193 wakapinga. Mkuu wa maktaba, Daniel Boorstin, mwanahistoria, hakufurahia kabisa, lakini ujumbe aliuelewa kama sote tulivyouelewa. Uchapishaji ukasimamishwa.

Hebu tuelewane. Mmarekani anayeona hakuzuiwa chochote. Angetembea mpaka kwenye kibanda cha magazeti kona ya mtaa, akanunua, picha na kila kitu. Aliyezuiwa ni yule tu asiyeweza kuziona hizo picha zinazodaiwa kuharibu maadili. Mimi nimelisoma hili mara nyingi nikitafuta mantiki yake, na nimebaki na jibu moja: shida haikuwa jarida, shida ilikuwa picha iliyomo vichwani mwa watu ya mtu asiyeona akiwa na tamaa kama wewe na mimi. Hiyo ndiyo hawakuitaka kwenye bajeti.

Wasioona wakaenda mahakamani. Chama cha wasioona cha American Council of the Blind, chama cha wanajeshi wastaafu waliopoteza uwezo wa kuona, chama cha wakutubi, kampuni yenye jarida, na wasomaji wasioona wenyewe. Fikiria ujasiri wa hao wa mwisho. Kesi ya haki ya kusoma Biblia au gazeti, unasimama kifua mbele. Kusimama mbele ya hakimu, mbele ya waandishi wa habari na mama mkwe, ukasema "mimi ni msomaji wa lile jarida na nalitaka lirudi", hiyo inataka moyo. Wengi wa wasomaji wengine hawakujulikana kamwe, na ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

Mshtakiwa kwenye makaratasi alikuwa Boorstin, maana ndiye aliyetekeleza. Tarehe 28 Agosti 1986 Jaji Thomas Hogan akatoa hukumu: serikali hailazimiki kuwachapia watu majarida, lakini ikishaamua kuchapa, haiwezi kuchomoa moja kwa sababu haipendi kinachosemwa humo. Hiyo ni kuvunja uhuru wa maoni uliomo kwenye katiba yao. Jarida likarudi kwenye posta.

Sina hamu ya kulitetea jarida lenyewe, wanawake wengi wana maneno mazito kulihusu na wana haki yao. Ila kesi ile haikuwa inauliza kama jarida ni zuri. Ilikuwa inauliza kama mtu mzima asiyeona ni mtu mzima.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi, nami nitakwenda kasi. Kompyuta zikaja, na programu za kusoma skrini kwa sauti zikaja nazo. Moja iliyotawala sana, JAWS, ilitoka 1989, kazi ya Ted Henter, aliyekuwa mwendesha pikipiki za mashindano mpaka alipopoteza uwezo wa kuona kwa ajali ya gari mwaka 1978. Ilikuwa nzuri lakini bei yake ilicheza kwenye dola elfu moja, haikuwa ya mtoto wa Mbagala wala wa Kayole. Mwaka 2006 vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, wakaanzisha NVDA, ambayo ni bure. Na 2009 iPhone 3GS ikatoka ikiwa na msomaji wa skrini, VoiceOver, ndani yake tayari, hulipii zaidi. Android nao wakaja na TalkBack mwaka huo huo. Kampuni gani ile ya iPhone? Ndiyo hiyo hiyo ya Jobs na Wozniak. Wale vijana wa laini ya Vancouver walilipwa, japo ilichukua karibu miaka 40.

Yule mtu wa tatu akatoka chumbani. Meseji inakusomea simu, kwenye sikio lako, kwa kasi ambayo mtu mwingine akisikia anadhani redio imeharibika. Wasioona wakaanza kukutana mtandaoni na kuongelea yale yale tunayoongelea humu: nimtumie nani kwanza, ananipenda au anajaribu tu kuwa mtu mwema, nikikutana naye kwa mara ya kwanza nitamtambuaje, ananishika mkono kunisaidia kuvuka au ananishika mkono?

Halafu 2012 ikaja Tinder, na mapenzi yakageuka kuwa picha. Ukitumia VoiceOver, kuvuta kidole kimoja kulia maana yake ni "nipeleke kwenye kitu kinachofuata", sio "huyu nimempenda". Picha bila maelezo simu ilikuwa inakuambia tu "picha", basi. Na kujiandikisha kwenyewe unakutana na lile swali la kuthibitisha wewe si roboti, chagua miraba yote yenye taa za barabarani. Pole sana.

Kukazuka na mjadala ambao haujaisha hadi leo: uweke picha yenye fimbo nyeupe kwenye profaili yako, au usubiri? Kambi ya kwanza inasema weka, wenye roho nyepesi wajichuje wenyewe mapema. Kambi ya pili inasema ukiweka, unapata aina mbili za watu, wanaokuonea huruma na wanaotafuta mtu wa kumlaghai, kwa hiyo acha mtu akujue kwanza ndipo umwambie. Mimi ningekuwa kambi ya kwanza, lakini ni rahisi kusema ukiwa huku nje. Bahati nzuri 2013 WhatsApp ilileta voice note, na hapo uwanja ukawa sawa kidogo. Kwenye sauti kuna watu wana miaka ya mazoezi kutuzidi. Wewe unasikia "niko poa", mwenzio anasikia umelia.

Mambo ya afya nayo yana mtu wake wa tatu. Kipimo cha ujauzito cha dukani: mistari miwili au mmoja? Mwanamke asiyeona akijipima, wa kwanza kujua hali yake sio yeye, ni aliyemuita akamsomee. Mwaka 2020 shirika la wasioona la Uingereza, RNIB, lilionyesha mfano wa kipimo ambacho jibu lake linainuka kama vinundu unavyovigusa kwa kidole. Ulikuwa mfano tu wa kuonyesha kwamba inawezekana. Kinundu kimoja tu kingetosha kumrudishia mtu dakika zake tano za kujua kabla ya dunia.

Na usidhani vita ya 1985 imeisha. Kuna programu ya Be My Eyes, iliyoanza Denmark 2015, inayomuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea kwa video amwelezee anachokielekezea kamera. Nzuri kwa kusoma kopo la maziwa, lakini picha ya mtu unayetaka kudeti naye unamwonyeshaje mgeni? Mwaka 2023 wakaleta akili mnemba ikawa inaelezea picha yenyewe. Watu wakafurahi, hatimaye naweza kujua sura ya mtu bila kumuuliza shemeji. Haikupita muda, watumiaji wakaanza kukuta nyuso zimezibwa. Wakati huo ilikuwa inaelezea shati, inaelezea ukuta, uso hapana, kwa sababu za faragha. Sababu zenyewe zilikuwa na maana, hakuna anayetaka simu ya mtu baki imtambue barabarani. Ila angalia nani aliachwa tena: anayeona alikuwa anaangalia uso huo huo bure, siku nzima, kwenye skrini hiyo hiyo. Safari hiyo mtu wa tatu chumbani alikuwa kampuni, na haikuwa na hata aibu ya mama.

Kwetu je? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa 2006, unataja ndoa na familia kwenye ibara ya 23 na afya ya uzazi kwenye ibara ya 25. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa nukta nundu au sauti bila kuzuiwa na hakimiliki, Kenya imeingia 2017 na Tanzania 2020. Makaratasi tunayo. Simu tunazo, na kuna sauti za kusoma Kiswahili, ingawa ile ya bure ya kwenye NVDA inasikika kama roboti aliyemeza pilipili. Kinachoharibu ni sisi. Unamwandikia mtu "mambo vp xaxa, nimekumc cna", simu yake inajaribu kuyatamka hayo maneno kama yalivyo, anabaki anajiuliza kama umepatwa na kiharusi. Ukimpangia emoji 14 za aina mbalimbali, msomaji anazitaja moja moja kwa majina, uso unaocheka, moyo mwekundu, moto, moto, mpaka hamu inakwisha. Mtongoze mtu kwa maneno kamili. Na ukiposti picha, andika maelezo yake, sehemu ya kuandikia ipo, unairuka tu kila siku.

Wadau mnaotumia TalkBack na VoiceOver, najua mpo humu. Tupeni ukweli hapo chini, jina sio lazima: fimbo kwenye profaili inakaa au inatoka?